Eti Wanaendeva

Jamani, nani aliyewadanganya hawa watu wa intaneti kwamba mteja akiandikiwa Kiingereza kirefu hasira zinapoa? Leo asubuhi, hata chai sijaishika, ujumbe huo umeingia: "We shall endeavour to restore your service." Endeavour! Kisanduku kinawaka taa nyekundu tangu wiki iliyopita, watoto wanatafuna bando la simu yangu kama mchwa, na kuna mtu kakaa kwenye kiyoyozi anachagua kitenzi.

Tena kachagua kwa makusudi. Mwingereza hana kitenzi kimoja cha kujaribu, ana ngazi nzima. Chini kabisa yupo "try", wa kila mtu, hana makuu. Juu yake "attempt", huyu amefunga tai, utamkuta kwenye karatasi za mitihani na mahakamani, na ana mkosi: ukisikia mtu "attempted" kutoroka, ujue yuko selo. "Strive" anaishi kwenye kauli mbiu za shule na hotuba za mahafali, nyumbani kwa mtu hajawahi kuonekana. Halafu kileleni ndipo alipo mheshimiwa "endeavour". Ametokana na neno la Kifaransa la wajibu, maana yake zamani ukiendeva umejifunga. Siku hizi ukiendeva umejifungua.

Na ana historia. Kapteni James Cook mwaka 1768 aliondoka Uingereza na meli yenye jina hilo, akafika hadi Australia. Wamarekani nao wakakipa jina hilo chombo chao cha anga za juu, na mwaka 2007 NASA wakatundika bango kubwa la kukitakia safari njema, wakakosea tahajia. Watu waliokwenda mwezini! Sasa kijana wetu wa huduma kwa wateja kaandika bila kukosa hata herufi moja. Herufi zote zimekaa, intaneti ndiyo haijakaa.

Nikajibeba hadi ofisini kwao. Kampuni siitaji, wengi wenu mmo humo humo. Namba ya foleni, kiti cha plastiki, mengine mnayajua. Zamu yangu ikafika.

"Karibu baba, nikusaidie nini?"

"Mwanangu, mmeniandikia kwamba mnaendeva. Nimekuja kuuliza kuendeva kwenyewe kumefikia wapi."

Binti akasoma, akatoa lile tabasamu la semina. "Baba, sisi tunatrai tu kwa uwezo wetu."

Mmeona? Sijamaliza hata kukaa, tumeshashuka ngazi zote. Nyumbani nilikuwa na "endeavour", kaunta nina "try", nikichelewa kuondoka nitaambiwa vumilia.

"Hata fundi alishatrai kuwasiliana na wewe," akaongeza, akanigeuzia skrini. Imeandikwa: "Tried calling customer, no answer."

Hapo ndipo nilipokaa sawa. Maana Mwingereza akisema "I tried to open the window", mara nyingi ujue dirisha limegoma. Akisema "I tried opening the window", dirisha limefunguka vizuri tu, ila joto liko pale pale. Kwa hiyo huyu fundi, kwa Kiingereza chake mwenyewe, simu alipiga na ikaita. Nikatoa simu yangu, nikamfungulia binti orodha ya waliopiga: shemeji, shemeji, watu wa mikopo, shemeji. Fundi yuko wapi?

"Basi ilitakiwa aandike 'tried to call'," nikamwambia. "Na hiyo pia ingekuwa uongo, lakini angalau uongo wenye sarufi."

Mama aliyekuwa nyuma yangu akaguna. "Baba, na sisi tuna shida zetu."

"Subiri kidogo mama, hapa pana hoja."

Binti akaweka vidole kwenye kibodi, mzima kabisa, hana utani. "Kwa hiyo baba, nibadilishe niandike ipi?"

"Andika yoyote unayoitaka! Andika Kichina! Mimi nataka taa iwe ya kijani, Mungu wangu, taa tu!"

Mlinzi akasogea. Nikashusha sauti, nikanyoosha kola.

Kijana mmoja kwenye foleni, nadhani anasoma sheria, maana hakuombwa akaanza kushauri. Mzee, tazama mkataba wako, kama wameahidi "best endeavours", yaani juhudi zao zote, umewapata. Akanipa kisa cha Uingereza: uwanja wa ndege wa Blackpool uliwekeana mkataba na shirika la Jet2 wenye maneno hayo, baadaye ukakataa kupokea ndege zao nje ya saa za kawaida, kisa hasara. Mwaka 2012 Mahakama ya Rufani ikasema pokeeni, hasara mtajua wenyewe. Majaji wawili dhidi ya mmoja, lakini ushindi ni ushindi.

Nikafungua mkataba wangu pale pale. Imeandikwa "reasonable endeavours". Kijana akasonya. "Hiyo ni ya chini, mzee. Hiyo huwabani sana." Kumbe hata huko kileleni kuna ghorofa, na mimi wameniweka ya chini, chumba cha uani.

Nikatoka. Na mtoto wangu naye kaleta ripoti ya shule, mwalimu kaandika "must try harder". Somo lenyewe ni michezo. Tuyaache hayo.

Nje nikampigia shemeji, maana simu zote zile nikajua kuna msiba. Hakuna msiba. Anataka kuja Dar kututembelea, na kuhusu nauli amepambana sana, imebaki kidogo tu. Nikamuuliza kidogo ni kiasi gani. Akasema nauli yote.