Muujiza: ni ushuhuda au ni ushahidi?

Mwaka 2011 shangazi yangu alilipia kiti kwenye Land Cruiser iliyobanana watu kumi na wawili, akaenda Samunge, kijiji cha Loliondo, kaskazini mwa Tanzania. Waliokuwa na akili zao mwaka ule hawana haja ya kuelezwa. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri (KKKT), Ambilikile Masapila, ambaye nchi nzima ilimwita Babu wa Loliondo, alisema ameoteshwa na Mungu dawa ya mizizi ya mugariga. Kikombe kimoja, shilingi 500, unakunywa mara moja basi: kisukari, ukimwi, kansa, presha, pumu. Foleni ya magari ikawa ya kilomita na kilomita porini. Mawaziri na wabunge walikunywa. Wapo waliotolewa wodini wakafia njiani. Mwisho wa Machi Babu mwenyewe aliomba watu wasije kwanza mpaka waliopo waishe.

Shangazi alirudi siku ya tano, vumbi mpaka kwenye kope. Vidonge vyake vya sukari akavifunga kwenye mfuko wa Rambo, akavitupa juu ya kabati. Jumapili akasimama mbele ya kanisa kutoa ushuhuda, watu wakapiga vigelegele. Wiki ya tatu alianza kwenda chooni kila saa, tukambeba mpaka zahanati. Nesi akamtoboa kidole, kimashine kikasoma 19, sukari imepanda mno. Shangazi akaitazama ile namba, kisha akasema taratibu, "Dawa ni ya kweli. Imani yangu ndiyo imepungua."

Nimeibeba sentensi hiyo miaka yote hii, kwa sababu kila mjadala wa kama miujiza inathibitisha kuwa Mungu yupo hunirudisha pale zahanati.

Kiswahili kina maneno mawili hapa, na yote yametoka kwenye mzizi mmoja wa Kiarabu. Kanisani mtu anatoa ushuhuda. Mahakamani anatoa ushahidi. Ushuhuda unapokelewa kwa "Amina". Ushahidi unapokelewa kwa maswali: ulikuwa umesimama wapi, taa ilikuwa inawaka, unamdai mshtakiwa? Anayesema muujiza unathibitisha Mungu ameubeba ushuhuda akaupeleka mahakamani. Hakuna ubaya, ila akifika huko asikasirike kuulizwa.

Muulizaji mkali kuliko wote alikuwa mwanafalsafa Mskoti, David Hume. Mwaka 1748 alitoa hoja ambayo mpaka leo wasioamini wanaitumia, hata wasipojua ni ya nani. Weka kwenye mizani, anasema. Upande mmoja kuna neno la shahidi. Upande wa pili kuna uzoefu wa watu wote wa zama zote kwamba wafu hawafufuki. Sasa kipi ni rahisi kutokea: maumbile yageuke, au shahidi awe amedanganya ama amedanganyika? Akaongeza kwamba kila dini ina miujiza yake, na kila moja inatumia miujiza hiyo kuzipinga nyingine, kwa hiyo mashahidi wanafutana wenyewe kwa wenyewe.

Hoja ni nzito. Lakini ina tundu, na tundu lenyewe limechimbwa huku kwetu.

Hume alitoa mfano wa mwana wa mfalme wa India aliyekataa kuamini habari za maji kuganda kwa baridi. Alikosea, anasema Hume, lakini alikuwa na haki ya kukataa, maana hajawahi kuona kitu kama hicho. Haya. Mwaka 1848, miaka 100 kamili baadaye, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alitoka pwani kuelekea Uchagani, na tarehe 11 Mei akaona weupe juu ya Kilimanjaro. Akamuuliza kiongozi wake wa safari kile ni nini. Yule bwana hakuwa na neno lake, akajibu tu: baridi. Taarifa ilipofika London, mtaalamu wa jiografia William Cooley, ambaye mguu wake haujawahi kukanyaga Afrika, aliikataa katakata. Theluji karibu na ikweta? Mmisionari ameota. Cooley alifuata mizani ya Hume sawasawa, na mizani ikampa jibu la uongo. Kwa hiyo anayesema "haiwezekani, basi shahidi kakosea" na akaishia hapo, ajue anaweza kuwa amekaa kiti cha Cooley.

Muumini asishangilie mapema, lakini. Theluji ya Kilimanjaro iliendelea kukaa palepale. Mwanzoni mwa miaka ya 1860 Karl Klaus von der Decken aliukwea ule mlima hadi juu sana, habari ikathibitika, na leo unaweza kwenda Moshi ukajionea barafu kidogo iliyosalia. Muujiza ni tukio la mara moja. Hauwi mlima wa kupandwa na mwingine. Tunabaki na neno la aliyekuwepo.

Na neno la aliyekuwepo si la kudharau. Richard Price, mchungaji mzaliwa wa Wales ambaye mwaka 1763 alichapisha hesabu za uwezekano zilizoachwa na mchungaji mwenzake Thomas Bayes, alimjibu Hume kwa mfano wa bahati nasibu. Uwezekano wa namba fulani kushinda ni mdogo kupindukia, lakini gazeti moja tu likiitangaza tunaamini bila kubisha. Kwa hiyo udogo wa uwezekano peke yake hauuzimi ushahidi. Hapo Price namkubali. Ila gazeti halinufaiki namba ipi ishinde, wakati jukwaani kwenye mkutano wa injili aliyepona ndiye anayepewa maikrofoni. Wale wengine mia walioinua mikono na hawakupona wanatafuta daladala za kurudi nyumbani, na hakuna anayewahesabu.

Kwa haki, wapo wanaojaribu kuhesabu. Lourdes, kule Ufaransa, msichana Bernadette Soubirous alisema ametokewa na Bikira Maria mwaka 1858. Tangu mwaka 1883 kuna ofisi ya madaktari inayopokea madai ya uponyaji. Wanadai vyeti vya kabla ya ugonjwa kuisha. Wanataka upone ghafla, upone kabisa, na usirudie kuumwa, wanasubiri miaka. Watu zaidi ya 7,000 wamepeleka habari zao, na Kanisa Katoliki limekubali zaidi kidogo ya 70. Mtu asiniambie hao ni wepesi wa kuamini. Mahujaji ni mamilioni, na zipo kansa zinazoyeyuka zenyewe, ni nadra lakini zipo, hata kwa wasiosali. Naye mwandishi Anatole France alisimulia kwamba mwenzake, akitazama magongo waliyoyaacha waliopona pale, alisema mguu mmoja tu wa mbao ungemshawishi zaidi, yaani aliyekatwa mguu akaota mwingine. Ni kebehi, najua, lakini sijasikia jibu lake lililoniridhisha.

Kinachonivutia Lourdes ni mgawanyo wa kazi. Madaktari hawasemi kuwa ni muujiza. Wanasema kwa elimu ya sasa hatuna maelezo, halafu wananyamaza. Anayetamka neno muujiza ni askofu wa jimbo analotoka aliyepona. Hatua kutoka "hatujui" kwenda "Mungu amefanya" haipigwi kwa darubini ya maabara, na Kanisa lenyewe linakiri hivyo kwa utaratibu wake. Sisi tuna sababu ya kuiogopa hatua hiyo. Degedege kwa vizazi vingi lilikuwa pepo, watoto wakafukizwa na kuogeshwa dawa badala ya kukimbizwa hospitali, kumbe mara nyingi ilikuwa malaria kali.

Na hata ukivuka, umemvukia nani? Swali hili waumini walilijua kabla ya Hume. Kitabu cha Kutoka kinasema waganga wa Farao nao walizigeuza fimbo kuwa nyoka. Kumbukumbu la Torati 13 inaonya kwamba nabii anaweza kutoa ishara, ishara ikatimia kweli, na bado usimfuate akikupeleka kwa miungu mingine. Kwa Waislamu hali ni hiyo hiyo: jambo moja la ajabu linaweza kuwa muujiza wa nabii, karama ya walii, istidraji kwa mtu mwovu (yaani anaachiwa afanye maajabu ili azidi kupotea), au sihiri tu. Utajuaje ni lipi? Kwa kumtazama mtu na anachofundisha. Maana yake mafundisho ndiyo yanayoupima muujiza. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliliweka kwa namna ambayo sijaona bora yake: mtu akiniambia tatu ni kubwa kuliko kumi, na ili kunithibitishia akaigeuza fimbo hii kuwa nyoka, nami nikaona kwa macho yangu, nitastaajabia uwezo wake, lakini kumi itabaki kubwa kuliko tatu.

Nikipima yote, sioni muujiza ukiwa msingi. Asiye na sababu nyingine yoyote ya kuamini, akisikia mtu kapona ghafla, ana haki ya kusema ni jambo la ajabu na kuendelea na chai yake. Ila sikubaliani na wanaosema uzito wake ni sifuri. Ukiijua hati ya mkono ya mama yako, kikaratasi chenye maneno matatu kinatosha kukuambia alipita nyumbani. Usiyeijua, hata barua ya kurasa kumi isiyo na jina haikusaidii. Richard Swinburne, mwanafalsafa wa Oxford, anaelekea huko: anakusanya kwanza sababu nyingine za kuamini Mungu yupo, na muujiza unakuja kuongeza juu ya zile. Mimi naongeza sharti moja, nalo nalichukua mlima Karmeli. Pale nabii Eliya alishindana na manabii wa Baali kuona mungu yupi ataleta moto. Alitaja mapema kitakachotokea, akaimwagia maji sadaka yake, na upande wa pili ulikubali jaribio kabla halijaanza. Angeweza kushindwa mbele ya watu wote.

Kikombe cha Samunge hakikuweza kushindwa. Ilisemwa kwamba dawa inafanya kazi ikitolewa na mkono wa Babu tu, kwa hiyo mtu kuchemsha mizizi ile ile kwingine hakukuthibitisha kitu. Aliyepona, kikombe kimemponya. Asiyepona, imani yake ndogo. Masapila alifariki Julai 2021, na mpaka leo ukitaja jina lake kijiweni watu wanagawanyika vilevile kama mwanzo, kila mmoja na jirani yake aliyepona au aliyekufa.

Nilimuuliza shangazi juzi kama kwenye ile Land Cruiser kuna yeyote aliyepimwa sukari asubuhi ile kabla ya kunywa, hata mmoja. Akacheka. Walikuwa na biblia nne, dumu la maji na mkungu wa ndizi. Daftari hakuna aliyebeba.