Mungu wangu yuko moyoni, nilikuwa nasema

Kwa miaka mitatu hivi, kila nilipoulizwa mbona Jumapili sionekani kanisani, jibu lilikuwa moja: "Mimi namwabudu Mungu moyoni." Jibu tamu, na hapa Dar halikosi wa kuliunga mkono.

Sababu nilikuwa nazo. Mama mdogo alisafiri mwaka 2011 hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu, yule mchungaji aliyesemekana dawa yake inaponya magonjwa sugu, kwa shilingi 500. Alirudi na vumbi mpaka kwenye kope, na kisukari chake vilevile. Februari 2020 kule Moshi, watu 20 wakafa kwenye msongamano wakikimbilia kukanyaga mafuta ya upako. Nikasema basi, nimemaliza na ibada za watu.

Ila huyo Mungu wa moyoni, niseme kweli, nilikuwa simwabudu. Moyoni mlikuwa na kodi ya nyumba na foleni ya Ubungo. Sala yangu ilikuwa pale bodaboda niliyopanda inapokatiza mbele ya lori.

Nimepanga Magomeni, dirisha langu linatazama bomba la uani. Saa kumi na moja alfajiri mzee wa chumba cha mwisho hutoka na kopo lake la plastiki. Anaosha viganja, anasukutua, anapandisha maji puani, uso, mikono mpaka viwikoni, anapaka kichwa, anamalizia miguu. Hana haraka, wala hamwagi ovyo. Maji hapa kwetu yananunuliwa.

Siku moja nikamuuliza, "Shikamoo mzee. Hivi hakuna siku hujisikii?"

"Marahaba. Mbona nyingi tu, mwanangu," akacheka. "Nikingoja nijisikie, si sitaswali?"

Lilinichoma. Nilizoea kumtaja nabii Amosi, kwamba Mungu anazichukia sikukuu zao, anataka haki itiririke kama maji. Sikuwahi kujiuliza Amosi alikuwa anawasema akina nani. Aliwasema watu waliokuwa wakienda hekaluni, wakitoka wanamdhulumu maskini. Mimi hekaluni siendi, na hiyo haki nayo sijaitiririsha popote. Jumuiya ilipokuja kutuchangia msiba wa baba, wakaleta turubai, masufuria na rozari, mimi hata majina yao nilikuwa siyajui.

Siku hizi nawahi misa ya kwanza. Nakaa nyuma, karibu na feni, na mara nyingi mawazo yangu yako Kariakoo. Mafuta ya upako bado sinunui.