Koki sita, maji hakuna

Nimesoma makala ambayo mwandishi ameeleza vizuri umuhimu wa watoto kunawa uso shuleni huku kwetu Kongwa, Dodoma, ili kuzuia vikope, ugonjwa wa macho unaoambukiza na unaoweza kupofusha, au trakoma kama wanavyoita wataalamu. Ila shule ni nusu tu ya kazi. Mtoto analala na wadogo zake kitanda kimoja, wanafutwa tongotongo kwa khanga ileile, na inzi wa zizini wanahama jicho hadi jicho. Bibi yangu aliugua vikope, alikuwa anang'olewa kope zilizogeukia ndani kwa kibanio, miaka na miaka, akaishia kushikwa mkono kwenda msalani. Wanawake ndio huumia zaidi, kwa sababu ndio wanaolea.

Halafu maji. Kiangazi cha Dodoma mnakijua wenyewe. Mama katoka kisimani na ndoo kichwani, umwambie aoshe watoto nyuso mara mbili kwa siku, atakutazama tu! Lakini kunawa uso hakuli maji kama tunavyodhani. Kwangu nimefunga kibuyu chirizi, yaani dumu la lita tano linaloning'inia na kuinamishwa kwa kamba ya kukanyaga, watoto wanne wananawia hapo asubuhi na jioni, na maji yanabaki. Shule anayosoma mwanangu wa tatu ilijengewa sehemu nzuri ya kunawia, koki sita zinang'aa. Mwezi wa pili zikakauka, hadi leo.

Dawa za vikope tukigawiwa tunameza, sawa. Ila wahudumu wa afya wakija tena waanzie majumbani, wakae na akina bibi, maana ndio wanaoshinda na watoto ambao hawajaanza shule.