Programu haijifungi tena, lakini je, mteja amepata jibu?

Mteja analipia tiketi ya basi kwa simu. Ujumbe wa kampuni ya simu unatokea juu ya programu ukimtaka aweke namba ya siri, naye anaiweka. Jibu linarudi kutoka kwenye seva, programu inajaribu kufungua kidirisha cha "Malipo yamepokelewa", kisha inajifunga ghafla. Pesa imeshakatwa, tiketi haioni, na akiirudia programu kitufe cha kulipa kinamsubiri palepale.

Kwenye Android, ripoti ya hitilafu ya aina hii mara nyingi huwa na moja ya majina mawili. BadTokenException hutokea kidirisha kinapoombwa juu ya skrini, yaani Activity, ambayo imeshaondolewa. IllegalStateException huwapata wanaotumia DialogFragment, kijenzi cha Android cha kubebea kidirisha: mfumo umeshahifadhi hali ya skrini, halafu show(), amri ya kukifungua, ndiyo inaitwa. Kwa programu zinazolenga Android 9 na matoleo ya baadaye, uhifadhi huo hufanyika baada ya onStop(), yaani skrini inapoacha kuonekana, kwa hiyo mtumiaji akienda tu kusoma SMS, mlango wa hitilafu umefunguka.

Dawa ya wengi ni mstari mmoja: uliza kwanza isFinishing(), yaani kama skrini inafungwa, na jibu likiwa ndiyo, usifungue kidirisha. Siibezi dawa hii. Inaingia kwenye toleo jipya siku hiyohiyo, na kama kidirisha kilikuwa kinaomba nyota tano, hakuna aliyepoteza kitu. Isitoshe, Google Play hupima hitilafu: watumiaji wa kila siku wanaofungiwa programu mbele ya macho yao wakifika asilimia 1.09, programu inaweza kupunguziwa nafasi ya kuonekana dukani. Timu ndogo ina haki ya kuliogopa hilo.

Shida ni kwamba mstari wenyewe mara nyingi huwekwa nusu. Simu ikigeuzwa upande, Activity ya zamani huharibiwa bila finish(), amri ya kuifunga, kuitwa, hivyo isFinishing() itajibu hapana na kidirisha kitaombwa juu ya skrini iliyokwisha kufa. Lazima iulizwe pia isDestroyed(), yaani kama skrini imeshaharibiwa, ambayo ipo tangu Android 4.2. Kwa DialogFragment yote mawili hayatoshi. Anayepaswa kuulizwa ni FragmentManager, msimamizi wa vijenzi hivyo, kupitia isStateSaved(), yaani kama hali imeshahifadhiwa.

Hata ukiyaweka yote, bado ukaguzi huo unautupa ujumbe. Ripoti inakuwa safi, mchoro wa hitilafu unashuka, na mteja wa tiketi analipa mara ya pili bila mtu yeyote ofisini kujua. Hilo linanisumbua kuliko programu kujifunga, kwa sababu kujifunga angalau kunahesabiwa. Afadhali kidogo ni commitAllowingStateLoss(), amri inayoweka kidirisha hata kama hali imeshahifadhiwa: mteja akirudi hukikuta kidirisha chake, isipokuwa mfumo umeiua programu ilipokuwa nyuma. Kwenye simu za RAM ya GB 2, kuuliwa huko ni jambo la kawaida.

Upande wa pili unasema kidirisha kisiitwe na jibu la seva hata kidogo. Jibu lihifadhiwe kama hali, yaani kumbukumbu ya kilichotokea, na skrini ikiwa hai ndiyo isome hali hiyo na kuchora kidirisha. Jetpack Compose, zana ya Google ya kuchora skrini za Android iliyotoka rasmi mwaka 2021, imejengwa kwa fikra hii. Nakubaliana nayo, ila ina gharama. Programu ya zamani yenye skrini nyingi haigeuzwi kwa siku moja, na hali isipofutwa mteja akishabonyeza Sawa, kidirisha kitarudi kila anapogeuza simu. Tena ViewModel, sehemu ya programu inayotunza hali hiyo, huvuka mgeuko wa skrini, lakini haivuki kifo cha programu. Matokeo ya malipo yanahitaji kuandikwa kwenye hifadhidata ya simu, au programu imuulize seva upya kila inapofunguliwa.

Kwa hiyo mimi ningegawa kazi. Vidirisha vya matangazo na maoni vibaki na ukaguzi, mradi uwe kamili. Skrini za pesa zihamishiwe kwenye hali iliyohifadhiwa, hata kama zitachelewesha toleo, na kila jaribio la kulipa libebe namba yake ya kumbukumbu, ili ombi lilelile likifika mara mbili seva ilikatae la pili.