Kosa si la Kidole

Vijana wa madukani hapa Busia wanapenda kusema kwamba kina mama wa sokoni hawajui simu. Mimi sikubali hata kidogo. Mwangalie muuza samaki aliyetoka kupara sato sasa hivi: anajifuta mkono haraka, anashika simu ya tachi ampokelee mteja pesa, anabonyeza. Namba ya siri haiingii, au inaingia tarakimu ambayo hata hakuigusa. Mteja anasonya. Mama wa watu anaona haya bure, na kumbe tatizo ni kioo.

Simu nyingi za siku hizi hazipimi nguvu ya kubonyeza. Chini ya kioo mna nyuzi nyembamba mno, zisizoonekana kwa macho, zilizosukwa mithili ya wavu na kubeba chaji kidogo ya umeme. Mwili wa binadamu hupitisha umeme. Kidole kikigusa, chaji ya mahali pale hubadilika, na chipu inayokagua wavu mzima mara nyingi kwa sekunde hutambua ni wapi. Lakini maji nayo hupitisha umeme, yale ya samaki yenye chumvichumvi ndiyo zaidi, hivyo chipu inaona vidole visivyokuwapo. Na ngozi iliyoota sugu kwa jembe, ikakauka, haipitishi umeme vizuri. Mkulima atabonyeza mpaka kucha iume na kioo hakina habari. Akilowesha kidole kidogo tu, mara nyingi kinakubali.

Si kwamba hakuna njia nyingine. Mhandisi E. A. Johnson aliandika kuhusu skrini ya kugusa huko Uingereza mwaka 1965, akiwalenga waongoza ndege, na baadaye zikaja aina nyingi. Ipo yenye tabaka mbili zinazokutana ukizibonyeza, na hiyo hukubali kucha, kalamu, hata mkono wenye glavu. Ipo pia ya miale isiyoonekana inayopita juu ya kioo; kompyuta ya HP-150 iliitumia mwaka 1983. iPhone ilipotoka 2007, kioo cha chaji kikatamba, kwa sababu kinang'aa na kinapokea vidole viwili kwa pamoja. Kwa picha na ramani, sina neno, ni kizuri sana.

Kinachoniuma ni huduma za umma kukimbilia kioo bila kuuliza nani atakigusa. Ukiwa na katochi, ile simu ndogo ya vitufe, unapiga *165#, namba ya pesa za simu ya MTN Uganda, na pesa inatoka, mkono uwe na magamba, utomvu wa matoke au simenti. Asiyeona naye hupapasa kitufe cha 5, akakuta kinundu, akajua namba nyingine zilipo. Kwenye kioo kitupu ataanzia wapi? Benki na hospitali zinazonunua mashine mpya zidai vitufe vya namba vibaki chini ya skrini, na kabla ya kulipa, mashine ijaribiwe sokoni, saa ambazo samaki wanaparwa.