Simu isubiri kwanza

Kuna tabia imeingia kwenye meza zetu za sataranji hapa Lubumbashi, na mimi inanikera. Kijana anatoa farasi kafara, yaani anamwacha aliwe makusudi, anamkimbiza mfalme wa mwenzake hadi pembeni, anashinda. Hata hawajapeana mikono, mtazamaji mmoja ameshaingiza mchezo mzima kwenye programu ya sataranji ya simu: "Yaya, ile farasi ulitoa bule. Mashine inasema ulikuwa umeisha." Watu wanacheka, ushindi unageuka aibu. Ukimwona kijana huyo siku nyingine, anabadilishana kete moja moja, kwa woga, akitafuta sare.

Kwangu mimi kijana hakukosea. Kafara hutolewa dhidi ya mtu aliyeketi mbele yako, mwenye saa inayokimbia na moyo unaodunda. Yeye ndiye anayetakiwa kupata jibu, tena sasa hivi.

Chukua Mikhail Tal wa Riga. Mwaka 1960, mjini Moscow, alikuwa akipigania ubingwa wa dunia dhidi ya Mikhail Botvinnik, mtu wa hesabu na maandalizi. Katika mchezo wa sita, Tal akiwa na kete nyeusi, hatua ya 21, alimpeleka farasi wake f4 (herufi na namba hutaja mraba wa ubao), mahali askari alipoweza kumla bila shida. Ukumbi ulijaa kelele hadi wachezaji wakahamishiwa chumba cha nyuma. Botvinnik alimla farasi, akajikuta anazima moto huku na huku, akashindwa. Wachambuzi walipotulia baadaye waligundua kwamba alikuwa na njia ya kujiokoa: askofu wake angemla askari aliyesogea f3. Sawa. Lakini njia hiyo ilionekana baada ya mchezo, na Botvinnik hakuiona akiwa kwenye kiti. Tal akawa bingwa akiwa na miaka 23. Mwaka uliofuata Botvinnik alilipa kisasi na kurudisha taji lake, jambo ambalo mashabiki wa Tal, nami nikiwemo, huwa tunalitaja haraka haraka.

Lakini wengi wetu tunamjua Tal tu, na Adolf Anderssen, aliyetoa askofu, ngome mbili na malkia mjini London mwaka 1851 kisha akammaliza Kieseritzky kwa kete ndogo tatu. Tunapenda moto. Kafara ninayoipenda kuliko zote haina moto hata kidogo.

Ni ya Tigran Petrosian, Zürich, mwaka 1953, dhidi ya Samuel Reshevsky wa Marekani. Reshevsky alikuwa na askari wawili katikati ya ubao, d4 na e5, wakijiandaa kusonga, na kete za Petrosian zilikuwa zimebanana nyuma yao. Hatua ya 25, Petrosian aliisogeza ngome yake e6, kimya kimya, mbele ya mdomo wa askofu wa Reshevsky. Hakuwa akimshambulia mfalme wala kutega mtego. Alitaka tu nafasi ya e7 ibaki wazi, farasi wake apite pale, aende kukaa d5, asiwepo wa kumfukuza. Farasi akafika, askari wa Reshevsky wakakwama, mchezo ukaisha sare. Ngome ilitolewa ili farasi mmoja apate pa kukaa! Miaka kumi baadaye Petrosian alikuwa bingwa wa dunia, na hadi leo kuna watu wanaomwita mwoga. Siwaelewi.

Wanaosema mashine haikosei wakumbuke pia AlphaZero, programu ya kompyuta. Mwaka 2017 programu hiyo, iliyojifunza kwa kucheza yenyewe kwa yenyewe, ilicheza na Stockfish, programu nyingine ya sataranji, michezo 100 bila kupoteza hata mmoja, na katika baadhi yake ilitoa askari, hata kete kubwa, ili mpinzani akose pumzi tu.

Sikatai simu. Inafundisha, hasa kwa sisi tusio na walimu. Ninachoomba ni mpangilio: wachezaji wawili wazungumze kwanza, waseme walichokiona na walichokiogopa, ndipo mashine iulizwe. Jumapili hii, wale wa Katuba na Kamalondo tutakaokutana, tuiweke ubaoni ile nafasi ya Zürich kabla ya hatua ya 26, na kila mmoja aseme kwa mdomo wake kama angeila ngome papo hapo. Reshevsky hakuila, alisogeza askari hadi a4 kwanza, akala hatua iliyofuata. Mimi ningeila mara moja, na niko tayari kubishana.