Mashine ya UV ya meza: Kigoma ina kazi ya kuilisha?

Wenye maduka ya mabango wa Mwanga na Ujiji, hapa Kigoma, wanaonyeshwa video zilezile za mashine hii ya kuchapa: ubao wa foreksi (plastiki nyepesi) umelazwa mezani, hedi (vichwa vinavyorusha wino) zinapita juu, taa ya UV inayokausha wino inafuata, picha inatoka imeshakauka. Hakuna kubandika stika wala kuhangaika na viputo.

Sifa hizo si za uongo. Kwa njia ya kawaida unachapa stika kwenye mashine ya roli, unaipaka laminesheni (utando wa plastiki wa kuilinda), ndipo unaibandika ubaoni. Vumbi la kiangazi likiingia chini yake, kazi imeharibika. Mashine ya meza inachapa moja kwa moja kwenye foreksi, alukobondi (bati mbili za alumini zenye plastiki katikati), akriliki (plastiki ngumu kama kioo), hata mbao. Meza zake kubwa zinapokea ubao mzima wa mita 1.22 kwa 2.44. Ikiwa na wino mweupe, rangi zinaonekana vizuri hata juu ya ubao mweusi.

Lakini wino huohuo mweupe ndio mzigo. Chembe zake ni nzito, hutuama chini. Mashine ikikaa wiki bila kazi, njia za wino huziba, na hedi moja ni gharama ya kumnyima mtu usingizi. Halafu kuna umeme. Ukikatika katikati ya kazi, hedi zinabaki wazi juu ya ubao badala ya kurudi kwenye kifuniko chake, na ubao wenyewe aghalabu ni wa kutupa. Kwa hiyo betri ya akiba inayoweza kubeba mashine hiyo iwemo kwenye bei tangu mwanzo, jambo ambalo muuzaji halitaji mpaka aulizwe.

Mbao hizo za kuchapia nazo zinatoka mbali. Kwa reli tu, Dar hadi hapa ni zaidi ya kilomita 1,200. Hedi hupita milimita chache juu ya ubao, kwa hiyo ubao uliopinda njiani unazigonga.

Swali langu kubwa ni kazi yenyewe. Kinacholipa kodi ya duka hapa ni flex (mabango ya turubai la plastiki linalokuja kwa roli) za harusi, mahafali na kampeni, na mashine ambayo ni ya meza tu haichapi roli. Majina ya boti kule Kibirizi bado ni ya brashi. Ubavu wa boti haulazwi mezani.

Mwenye oda za kudumu za vibao vya ofisi, shule na zahanati, pamoja na wateja wa Burundi na Kongo, anaweza kuinunua bila kujuta, mradi fundi na hedi za akiba visiwe ng'ambo ya bahari. Anayepata kibao kimoja cha alukobondi kwa wiki achapishe Dar, apokee kwa basi, na nauli ya mzigo aiweke kwenye bei ya mteja.